Kwa nini simu haijaua konsoli ya mkononi

Februari 2011 Nintendo ya Japani iliingiza sokoni Nintendo 3DS, konsoli ya kushika mkononi ambayo kioo chake kilionyesha picha zenye kina bila mtu kuvaa miwani. Japani iliuzwa yeni 25,000, na mwezi uliofuata ikafika Marekani kwa dola 250. Haikutimiza nusu mwaka. Agosti bei ikashushwa hadi yeni 15,000 na dola 170, rais wa kampuni Satoru Iwata akajikata nusu ya mshahara, na waliowahi kununua kwa bei ya zamani wakatulizwa kwa magemu 20 ya bure. Mwaka wa fedha ulipofungwa Machi 2012, Nintendo ilitangaza hasara ya zaidi ya yeni bilioni 40.

Wachambuzi wengi walimtaja mshukiwa mmoja: simu janja. Wakatabiri kwamba konsoli za mkononi zimefika mwisho, kwa kuwa hakuna atakayebeba vifaa viwili mfukoni. Miaka sita baadaye Nintendo hiyohiyo ikatoa Switch, ambayo imeuzwa zaidi ya milioni 150. Utabiri ulikosea wapi? Ulidhani wachezaji wote ni wa aina moja. Simu ilimchukua mtu anayecheza kwa sababu ana dakika kumi za kupoteza. Anayetenga muda wake ili acheze ilimgusa kidogo sana.

Aina ya kwanza ya wateja, Nintendo yenyewe ndiyo iliyowakusanya. Konsoli yake ya Nintendo DS, iliyotoka mwishoni mwa 2004, ilikuwa na vioo viwili, na kimoja kilitumika kwa kugusa. Mwaka 2005 Japani ikapata Nintendogs, gemu la kufuga mbwa wa kuchorwa, na gemu la mafumbo ya akili na hesabu lililotumia jina la Ryuta Kawashima, mtafiti wa ubongo. Wazee, wafanyakazi wa ofisini na akina mama ambao hawakuwahi kushika konsoli wakanunua. DS iliuzwa milioni 154, wakati Game Boy ya 1989 na ile ya rangi kwa pamoja zilifikia takriban milioni 118.

Lakini wateja hao hawakuwa na sababu ya kuing'ang'ania Nintendo. Walitaka kitu rahisi, cha kugusa kwa kidole, kinachoweza kukatizwa basi linapofika kituoni. iPhone ilitoka mwaka 2007, na Julai 2008 Apple ikafungua duka lake la programu likiwa na programu kama 500. Mwaka uliofuata kampuni ya Rovio ya Finland ikatoa Angry Birds kwa senti 99. Gemu la DS lilikuwa likiuzwa kwa dola 30 au zaidi.

Tofauti ya bei za magemu ni sehemu tu ya hesabu, kwa sababu bei ya kifaa nayo ina uzito wake. Simu hununuliwa kwa ajili ya kupiga, kutuma ujumbe, na kwetu kutuma na kupokea pesa. Gemu linapanda kama abiria wa bure. Konsoli haina kazi nyingine ya kujitetea nayo mbele ya mnunuzi. Mzazi wa Mwanza au Nakuru anayelipia simu yake kidogokidogo ukimwambia atoe pesa nyingine kwa ajili ya kifaa cha kuchezea tu, atakuuliza hiyo simu ina kasoro gani. Kishikwambi nacho kilibana upande wa watoto, maana kilekile cha kusomea na kutazamia katuni kinacheza gemu pia.

Baadaye hata senti 99 ikaonekana nyingi. Gemu la simu likawa la bure, na pesa zikatafutwa ndani yake. Tazama Candy Crush Saga ya kampuni ya King, iliyoingia kwenye simu mwaka 2012. Unaanza na mioyo mitano. Ukishindwa kumaliza hatua, moyo mmoja unatoweka. Ikiisha yote mitano, kila mmoja unachukua dakika 30 kurudi. Mwenye subira anaifunga simu. Mwenye haraka anawaomba marafiki wamtumie mioyo, au analipa. Wengi hawalipi kamwe, lakini wachache wanaolipa mara kwa mara wanatosha kuendesha biashara. Maana yake ni kwamba mtengenezaji anapanga ugumu wa hatua huku akiwaza saa ya kungoja. Gemu lililolipiwa lote mara moja halina haja ya kukungojesha, hivyo linaweza kuwa na mwanzo, kati na mwisho.

Hapo kuna sababu ya kwanza iliyoibakiza konsoli. Sababu ya pili iko kwenye vidole.

Kwenye konsoli, kidole gumba cha kushoto hukaa juu ya kitufe chenye umbo la msalaba, na cha kulia juu ya vitufe vya kuruka na kupiga. Msalaba huo ulibuniwa na Gunpei Yokoi wa Nintendo kwa ajili ya Donkey Kong ya Game & Watch, mwaka 1982, na haujabadilika sana tangu hapo. Kingo zake zinakijulisha kidole kilipo, kwa hiyo macho hayaondoki kwenye mchezo. Kwenye simu kitufe ni picha iliyochorwa juu ya kioo laini. Kidole kinateleza bila kujua kimevuka mpaka, tena kinafunika sehemu ya picha unayotaka kuiona. Gemu linalochora picha 60 kwa sekunde halivumilii kuchelewa. Ukikosa kitufe kwa sehemu ndogo ya sekunde, Mario yuko shimoni.

Nintendo ililijua hilo vizuri ilipoamua kuingia kwenye simu. Super Mario Run ilitoka Desemba 2016 kwenye iPhone, na ndani yake Mario anakimbia mwenyewe. Kazi yako ni kugusa kioo ili aruke: ukigusa kidogo anaruka chini, ukishikilia anaruka juu. Mchezo mzima ulipunguzwa hadi ukaenea kwenye kidole kimoja. Hatua chache za mwanzo zilikuwa bure, zilizobaki dola 10 kwa malipo ya mara moja. Lilipakuliwa zaidi ya mara milioni 200, lakini Nintendo ikakiri kwamba faida haikufikia kiwango ilichokitaka. Fire Emblem Heroes la 2017, ambalo ni bure ila mashujaa wake hupatikana kwa kubahatisha na unaweza kulipia bahati zaidi, liliingiza pesa nyingi kuliko hilo la Mario. Watu wa simu walikuwa wameshazoea namna yao ya kulipa.

Isidhaniwe kwamba vitufe pekee vinatosha kumvuta mnunuzi. Sony ilitoa PlayStation Vita Desemba 2011, ikiwa na kioo cha OLED cha inchi 5, vijiti viwili vya kuelekezea na sehemu ya kugusa hata mgongoni. Kwa uwezo iliipita 3DS kwa mbali. Ila ilidai memori kadi ya aina yake pekee, ambayo ya GB 32 iliuzwa Marekani kama dola 100, na kampuni zilizotengeneza magemu makubwa zikaipa mgongo mapema. PSP iliyoitangulia iliuzwa takriban milioni 80. Vita haikukaribia idadi hiyo, na mwaka 2019 uzalishaji wake ukasitishwa. 3DS kwa upande wake ilinyanyuka kwa kushushwa bei na kwa magemu yasiyopatikana kwingine: Super Mario 3D Land, Mario Kart 7, kisha Pokémon. Ilimaliza na karibu milioni 76, nusu ya DS. Nusu iliyopotea inakupa picha ya ukubwa wa kundi lililokuwa likicheza kupoteza muda.

Switch ya Machi 2017 haikujaribu kuwarudisha hao. Iliwalenga waliobaki, ikaunganisha vifaa viwili kuwa kimoja: ukiichomeka kwenye kitako chake inacheza kwenye televisheni, ukiichomoa unaondoka nayo gemu likiwa palepale ulipoliachia. Hivyo mnunuzi akawa analipia konsoli ya sebuleni na ya mkononi kwa dola 300. Ndani yake mlikuwa na chipu ya Nvidia Tegra X1, ileile iliyokuwa kwenye kishikwambi cha Google Pixel C cha 2015. Yaani kifaa kilichoipita simu kwa magemu kilijengwa kwa teknolojia iliyopevushwa na soko la simu na vishikwambi.

Kuna jambo moja ambalo hata simu nyingi za bei kubwa hazijalitatua, nalo ni joto. Chipu ya simu inaweza kwenda kasi sana kwa dakika chache. Baada ya hapo mwili mwembamba usio na feni unashindwa kutoa joto, simu inapunguza kasi yenyewe, na picha zinaanza kukwama. Mchana wa Dar es Salaam au Mombasa dakika hizo zinapungua zaidi. Switch ina feni. Steam Deck ya kampuni ya Valve, iliyotoka Februari 2022 kwa dola 399, ina feni pia, na chipu yake inaruhusiwa kula hadi wati 15 mfululizo. Gharama yake ni unene, uzito, na betri inayoweza kuisha kwa saa mbili ukicheza gemu zito.

Kwa hiyo anayetaka kununua ajiulize mambo matatu. Unacheza kwa muda gani ukikaa? Kama ni dakika chache foleni ya benki, simu yako inatosha. Mikono yako inahitaji nini? Mafumbo na karata vinafaa kwa kidole. Mbio, mapigano na kuruka vinataka vitufe, na unaweza kuanza kwa kununua vitufe vya kuunganisha na simu kwa bluetooth kabla ya kufikiria konsoli. La tatu ni malipo yatakayofuata. Magemu mengi ya simu ni bure lakini yanakula bando na kuleta matangazo; la konsoli ni ghali siku ya kwanza, ila mengi yanachezeka bila intaneti. Hapo napo angalia boksi. Switch 2, iliyotoka Juni 2025 kwa dola 450, ina baadhi ya kadi ambazo ndani hazina gemu bali ufunguo tu, na gemu zima lazima ulipakue. Ukimnunulia mtoto kadi ya namna hiyo mahali ambapo bando ni la kuhesabu, umenunua kazi ya kupakua makumi ya GB kabla hajacheza hata hatua moja.