Kabla ya Kuagiza Tofali, Pima Ukuta

Nyumba ya bibi yetu ipo Kamachumu, wilaya ya Muleba. Babu aliijenga miaka ya 1950, wakati kahawa inalipa na kila mwenye kibanja cha maana alitaka kutoka kwenye msonge wa nyasi aingie kwenye nyumba ya tofali na bati. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, lilipokuja lile tetemeko la ukubwa wa 5.9 lililoua watu zaidi ya 15 mkoani Kagera na kuharibu vibaya hata majengo ya shule kongwe za Ihungo na Nyakato, nyumba ya babu ilibaki imesimama. Kilichoanguka ni kipande cha ukuta cha chumba cha nyuma, chumba anacholala bibi.

Tukachangishana, fundi akaja, pengo likazibwa kwa siku nne, likapigwa lipu na rangi juu. Tukashangilia. Baada ya masika mawili ufa ukarudi. Na haukurudi popote pale tu: ulifuata mpaka wa kiraka kuanzia juu hadi chini. Usiku ukiweka kiganja pale unasikia upepo.

Kikao cha familia kikagawanyika. Baba mkubwa alitaka nyumba ivunjwe, ijengwe ya bloku. Bibi akasema humo atatoka akiwa amebebwa. Mimi nasoma ualimu wa hisabati, basi nikapewa kazi anayopewa kila mwanachuo nyumbani: "Wewe msomi, kaulize." Niliuliza, nikapima, nikakosea, nikapima tena. Naandika nilichokipata kwa sababu najua wengi wetu humu chuoni tuna nyumba kama hiyo kijijini, na siku ikipata ufa simu itapigwa kwako.

Kiraka kilikosea wapi

Nilimtafuta fundi mmoja mzee pale Kamachumu, aliyejifunza uashi kwa mafundi wa misheni. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya ufa. Hakuuliza habari ya saruji wala nondo. Aliuliza, "Mwanangu, kozi nne za ukuta wa babu yako zinafika wapi?"

Sikujua. Tukaenda wote, akang'oa lipu kidogo pande zote mbili za ufa, akaniachia futi nipime mwenyewe. Kwenye ukuta wa babu, kozi nne za tofali pamoja na maungio yake zilikuwa sentimita 30 na nusu. Kwenye kiraka, kozi tatu zilikuwa sentimita 31 na nusu. Tofali la kiraka lilikuwa nene, na udongo wa kuungia ulipakwa mnene vilevile.

Sasa fikiria kinachotokea hapo. Ukuta mpya unapoungana na wa zamani, tofali za upande mmoja zinatakiwa ziingie katikati ya tofali za upande wa pili, kama vidole vya mikono miwili vinavyofumbatana. Ili ziingie, kozi lazima ziwe kwenye usawa mmoja. Kama hapa ni kozi nne na pale ni tatu, na hata hizo tatu zimezidi kwa sentimita moja, tofali haliingii. Fundi anachofanya ni kujenga mpaka kwenye ukingo wa ukuta wa zamani, kisha anajaza uwazi kwa udongo. Lipu inafunika. Kwa macho ni ukuta mmoja, kwa kazi ni kuta mbili zilizosimama bega kwa bega bila kushikana. Ardhi ikitikisika kidogo, au msingi ukilegea kwa mvua, kila mmoja unakwenda kivyake.

Inchi tisa ya nani?

Nikadhani jibu ni rahisi: nitafute tofali la kizamani la inchi. Kumbe neno "inchi tisa" lina mitego yake.

Tofali la kipimo cha Kiingereza, lililotawala makoloni ya Uingereza, lilihesabiwa kuwa inchi 9 kwa 4 na nusu kwa 3. Lakini hesabu hiyo ni pamoja na ungio lake moja. Tofali lenyewe mkononi ni dogo zaidi: kama milimita 219 kwa 105 kwa 67. Na namba zile hazikuchaguliwa ovyo. Urefu mmoja ni sawa na upana mara mbili, na ni sawa na kimo cha kozi tatu. Ndiyo maana fundi anaweza kulilaza kwa urefu, kulikatiza au kulisimamisha, na ukuta bado unarudi kwenye mstari. Kozi nne zinatimia futi moja kamili, yaani sentimita 30 na nusu. Uingereza ilipohamia kwenye mita miaka ya 1970, tofali lilipunguzwa kidogo, likawa milimita 215 kwa 102.5 kwa 65, na kozi nne zikawa sentimita 30 kamili. Tofauti ni milimita moja na ushei kwa kila kozi. Unaweza kusema si kitu, lakini kwenye ukuta wa kozi 40 ni karibu sentimita 5.

Mtego wa pili ni bloku. Bloku ya saruji tunayoiita ya inchi sita kwa kawaida ina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9. Ukisikia tisa unafurahi: kozi tatu za tofali ni inchi 9, bloku ni inchi 9, basi vitakaa pamoja. Havikai. Tisa ya tofali imehesabu maungio ndani yake, tisa ya bloku ni bloku tupu. Ukiongeza ungio, bloku inazidi kila mara, na ukifika juu ya dirisha umeshapotea.

Mtego wa tatu ni wa Kagera hasa, kwa sababu dola iliyotangulia hapa haikuwa ya Waingereza. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na misheni ya Kashozi ikafuata mwaka 1892. Ujerumani ilikuwa na tofali lake, lililowekwa rasmi mwaka 1872 na kuitwa tofali la dola: sentimita 25 kwa 12 kwa 6.5. Kwa hiyo hata "tofali la dola" linaweza kuwa la dola mbili tofauti. Na angalia utata wake: tofali la Kijerumani lilipangwa kozi 13 kwa mita, maana yake kozi nne ni karibu sentimita 31. Ukipima kimo peke yake, la Mjerumani na la Mwingereza yanakaribiana kabisa. Kinachoyatenganisha ni urefu: 25 dhidi ya 22.

Zaidi ya hapo, vijijini tofali halikutoka kiwandani. Lilifyatuliwa kwa kalibu ya mbao, na kalibu ilitegemea seremala na udongo. Nyumba mbili za mwaka mmoja, za majirani, zinaweza kuwa na tofali tofauti. Kwa hiyo umri wa nyumba au jina la mjenzi vinakupa dokezo tu. Kipimo chenyewe utakipata ukutani.

Namna ya kupima

Usipime tofali moja. Tofali la mkono halilingani na mwenzake. Chukua kumi yaliyoanguka au yaliyolegea, yapange mstari mmoja kwa urefu bila kuacha nafasi, pima jumla, gawa kwa kumi. Rudia kwa upana, kisha kwa unene. Ya babu yalitoka wastani wa sentimita 22 kwa 10.5 kwa 6.7. Yaani kalibu ile, popote ilipotoka, ilifuata Mwingereza.

Kisha nenda ukutani upime kozi nne, kuanzia mgongo wa tofali hadi mgongo wa tofali la nne juu yake, sehemu tatu tofauti. Kimo cha kozi toa unene wa tofali, unapata ungio. Kwetu ilikuwa milimita 9 hivi.

Baada ya hapo piga hesabu ya idadi. Kwa ukuta wa unene wa inchi tisa, kila mita moja ya mraba inakula tofali kama 115 za kipimo hiki. Pengo letu lilikuwa mita za mraba 3, hivyo 345. Ongeza kumi kwa mia kwa ajili ya yatakayovunjika: 380.

Utayapata wapi

Njia ya kwanza, na ya bei nafuu, ni tofali za zamani zenyewe. Baada ya tetemeko nyumba nyingi zilivunjwa, na mafungu ya tofali yamebaki pembeni ya vibanja. Kama zilijengwa kwa udongo, zinasafishika kwa mwiko na brashi. Kama zilijengwa kwa saruji, achana nazo, utavunja nusu. Gonga mbili pamoja: zilizoiva zinalia kama chungu kizima, zisizoiva zinatoa mlio mzito. Kwaruza kwa msumari. Loweka moja usiku kucha, asubuhi ukikuta limemomonyoka, lisiende ukuta wa nje. Na pima, kila fungu. Mimi nilinunua fungu la kwanza kwa macho, nikiwa na haraka na pesa ya bumu mfukoni. Zilikuwa fupi kwa sentimita moja na nusu. Sasa ni njia ya kwendea chooni.

Fungu la pili lilinipa tofali 210 zinazofaa. Zilizobaki ilibidi zifyatuliwe, na hapa ndipo wengi wanakosea. Ukitengeneza kalibu yenye kipimo cha tofali unalolitaka, utapata tofali dogo, kwa sababu udongo husinyaa ukikauka na husinyaa tena ukichomwa. Kiasi kinategemea udongo wa mahali. Fyatua tofali chache za majaribio, chora juu ya kila moja mstari wa milimita 200 zikiwa mbichi, ziweke kwenye tanuru la mtu yeyote anayechoma wiki hiyo, kisha pima mstari tena. Wetu ulirudi milimita 184, yaani umepungua asilimia 8. Hapo hesabu ya darasani inaanza kulipa: gawa kipimo unachotaka kwa 0.92. Seremala akapewa kalibu ya ndani milimita 238 kwa 114 kwa 73. Tukachanganya tofali zetu kwenye tanuru la jirani badala ya kukata miti kwa ajili ya tofali 200 tu.

Kuunganisha

Fundi mzee alibomoa kiraka chote. Akatoa kwenye ukuta wa babu nusu tofali kila baada ya kozi moja, ili mpya ziingie ndani. Alikataa mchanganyiko mkali wa saruji. Alisema saruji ikiwa ngumu kuliko tofali, ukuta ukicheza ni tofali litakalopasuka, na unyevu usipopata pa kutokea kwenye maungio utatokea kwenye tofali na kulibabua. Tulitumia saruji ndoo 1, chokaa ndoo 2, mchanga ndoo 9. Tofali zililowekwa kwanza zisinyonye maji ya mchanganyiko. Kozi kwa kozi, kamba na pimamaji, siku sita.

Nisidanganye mtu: tofali linalolingana halifanyi nyumba iwe salama kwa tetemeko. Linafanya kiraka kiwe sehemu ya ukuta, basi. Nyumba ya zamani isiyo na mkanda wa zege juu ya madirisha bado ni dhaifu, na kama nyufa zimeingia kwenye msingi au ukuta umeinama, mwite mhandisi kabla ya fundi. Baba mkubwa hakuwa anasema upuuzi. Tulikubaliana naye kwamba mkanda utamwagwa mwaka huu kahawa ikilipwa, na mpaka hapo kitanda cha bibi kimehamishiwa upande wa mlango.

Masika moja imepita. Nilipokwenda mwezi wa sita nilipitisha kiganja kwenye ule mpaka na sikusikia upepo. Tofali 27 zilizobaki zimepangwa chini ya mwembe, na kalibu imening'inizwa jikoni ikiwa imeandikwa vipimo kwa kalamu ya wino mzito. Wajukuu walijaribu kuchukua tatu wafanye mafiga. Bibi akawafukuza. "Hizo si mafiga," alisema, "hizo ni ukuta ambao haujafika zamu yake."