Venice Ina Wenyewe

Wenzetu wanaokwenda Venice kutembea hurudi na maneno yale yale: mji mzuri, lakini hauna wenyewe. Wameona uwanja wa San Marco, wamepanda gondola, wamepiga picha kwenye daraja la Rialto, na magharibi imewakuta wako kwenye treni. Kisha wanatoa hukumu kwamba mila zote zimekufa, zimebaki barakoa za dukani. Huniudhi. Desturi za watu hazipimwi kwa kuzurura mchana mmoja wa Agosti, umezungukwa na wageni wenzako.

Barakoa tuzimalize mapema. Kanivali, sherehe ya barakoa hizo, ilizimwa Napoleon alipoutwaa mji mwaka 1797, ikafufuliwa 1979, na leo wenyeji wengi wamewaachia wageni.

Anayetaka kuwajua wenyeji wa visiwa vya Venice aende Novemba 21. Mwaka 1630 tauni iliingia mjini, ikaua takriban theluthi ya watu. Wakubwa wa Jamhuri ya Venice wakaweka nadhiri: balaa ikiondoka, Bikira Maria atajengewa kanisa, na kila mwaka mji utakwenda kumshukuru. Kazi ya kulijenga akapewa Baldassare Longhena, kijana wa miaka thelathini na ushei. Santa Maria della Salute likawekwa wakfu mwaka 1687, naye Longhena keshazikwa. Kuba lake limo katika picha za kila mtalii, na wengi hawajui kwamba wanapiga picha deni ambalo bado linalipwa.

Siku hiyo shule hufungwa, na daraja la muda hutandazwa juu ya Mfereji Mkuu ili watu wavuke kwa miguu hadi kanisani. Huja vikongwe na mikongojo yao, huja kina mama na vigari vya watoto, huja hata wale ambao mwaka mzima hawakanyagi kanisani. Kila mmoja hununua mshumaa, akampa mhudumu auwashe, akasimama kidogo na mambo yake moyoni. Nje kuna vibanda vya peremende na maputo, na watoto hujua fika kwamba safari ya nadhiri ina fungu lao.

Nyumbani kuna castradina: nyama ya kondoo iliyotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi, ikachemshwa kwa saa nyingi na kabichi. Wenyewe husimulia kwamba wakati wa tauni, watu wa Dalmatia, ng'ambo ya bahari, ndio walioendelea kuwaletea nyama hiyo. Ni kama pilau ya Idi. Hakuna anayeuliza leo kunapikwa nini.

Julai wana nadhiri nyingine, ya Redentore, yaani Mkombozi, iliyotokana na tauni ya 1575 hadi 1577. Hiyo ina fataki na watu hula ndani ya mashua zilizopambwa, samaki wa siki na vitunguu. Kwa hiyo wageni wameigundua.

Sisi wa pwani tuna sababu zaidi ya kuuheshimu mji huu. Ushanga mwingi uliobebwa na misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19, ile samisami nyekundu ikiwemo, ulitengenezwa huko. Wanawake wa mtaa wa Castello waliutunga nyuzini wakiwa wamekaa vitini mbele ya milango yao, mdomo ukifanya kazi sawa na mikono. Kazi hiyo imekwisha, na baraza zile za wanawake zimekwenda nayo. Hilo nalilia kuliko kanivali kumi.

Maana kinachoua mila hapa ni kodi ya nyumba. Mwaka 1951 mji wa visiwani ulikuwa na wakazi takriban 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Duka moja la dawa karibu na Rialto limeweka dirishani kibao kinachoonyesha idadi iliyobaki. Nyumba hukodishwa kwa wageni wa siku mbili, kijana anayeoa anahamia Mestre, upande wa bara, na mshumaa wa Novemba anaufuata kwa basi.

Aprili 2024 baraza la mji lilianza kutoza wageni wa mchana ada ya kuingia, wakati huo euro 5. Wenyeji wengi waliipinga, wakisema mji umewekewa tiketi badala ya watu kupewa nyumba, nami niko upande wao. Katika miaka miwili ya mwanzo ada hiyo ilipangwa kati ya Aprili na Julai. Novemba 21 hapakuwa na wa kuilipa.