MKAKI WA BABU WAITA DUBU UANI!

KAMA unadhani ngedere wa shambani kwenu ni wakorofi, msomaji wangu, subiri usikie ya wenzetu Wajapani. Kwao mwizi wa matunda anaweza kupita kilo 100, ana kucha za kuchana bati, na mti anaukwea kuliko mkwezi wa minazi. Jina lake dubu.

Tunda lenyewe linaloleta kasheshe yote hii linaitwa kaki. Siyo kaki ya kaptura za shule, a-ah! Ni tunda la duara, rangi ya chungwa lililoiva, ukilitazama harakaharaka utasema nyanya. Vijijini huko nyumba nyingi za zamani zina mkaki mmoja au miwili uani. Babu alipanda, bibi akawa anayamenya yale yenye ukakasi, anayatunga kwenye kamba na kuyaning'iniza chini ya paa mpaka yanakauka na kuwa matamu kama tende. Hiyo ndiyo ilikuwa peremende ya wajukuu wakati wa baridi.

Sasa wajukuu wako wapi? Wako Tokyo na Osaka, wamevaa tai. Hesabu ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu milioni 9 nchi nzima. Waliobaki vijijini wengi ni vikongwe, na bibi wa miaka 80 humpandishi ngazi akachume kaki. Basi matunda yanaiva mtini, yanalainika, yanadondoka, harufu inasambaa bondeni. Na dubu kwa pua, hajambo!

Ujue pia huyu bwana ana shida yake. Majira ya baridi analala miezi kadhaa bila kula kitu, kwa hiyo kuanzia Septemba mpaka Novemba ni kula tu, usiku na mchana, ajaze mafuta mwilini. Mwaka mzuri anashiba huko huko msituni kwa mbegu za mialoni na miti mingine ya milimani. Lakini miti hiyo ina miaka ya kususa kuzaa. Ikisusa, dubu anashuka kijijini, na anachokikuta ni mkaki wa babu umejaa mpaka matawi yameinama. Anapanda, anakaa kwenye panda, anavuta matawi na kuyavunja, anakula taratibu. Akiishaonja siku moja, kesho yuko hapo tena.

Hapo ndipo yanapotokea maafa. Mtu anatoka alfajiri kuchukua gazeti, uso kwa uso na mnyama. Katika mwaka wa serikali ulioanza Aprili 2023, watu 219 walishambuliwa na 6 wakafa. Mwaka 2025 mambo yakawa mabaya zaidi, waliokufa walifika 13. Mkoa wa Akita, ambao kwa uwiano ndio una wazee wengi kuliko mkoa wowote Japani, ulielemewa mpaka Novemba mwaka huo wanajeshi wakapelekwa. Siyo kupiga risasi, jamani. Walikwenda kusaidia kubeba na kutega mitego ya vizimba, maana wawindaji wenyewe nao wamezeeka. Miezi miwili kabla ya hapo sheria ilikwisha legezwa ili dubu akiingia mtaani apigwe risasi kwa idhini ya halmashauri. Na dubu nao wanakufa kwelikweli: katika ule mwaka wa 2023 pekee waliuawa zaidi ya 9,000.

Sasa mwenye mti afanye nini? Wengine wanazungushia shina bati laini, kucha zikose pa kushika. Dawa hiyo inafaa kama hakuna mti mwingine au ukuta karibu, vinginevyo jamaa anapitia huko na kukuachia bati lako. Kwenye bustani za matunda wanaweka uzio wa umeme: nyaya tatu, sentimita 20, 40 na 60 kutoka ardhini. Ule wa chini ndio mwenye kazi, kwa sababu dubu hupenda kuchimba apite chini. Nyasi zikigusa waya umeme unapungua nguvu, kwa hiyo kufyeka ni kila mara. Na usizime mchana kwa kubana matumizi! Dubu akigusa waya usio na umeme mara moja, amekwisha kukujua.

Njia ya tatu ni shoka. Halmashauri kadhaa husaidia gharama za kukata mikaki isiyochumwa. Kwa maoni yangu, nyumba ikiwa tupu na majirani ni wazee, mti ukatwe tu. Lakini nawaelewa wanaosita. Mti uliopandwa na marehemu mumeo siku mlipooana si kitu cha kukabidhi msumeno kirahisi.

Kuna desturi moja ya zamani huko: wakati wa kuvuna huachwa tunda moja juu kabisa, liulinde mti na mwakani uzae tena. Ndege nao hupata chao. Siku hizi maofisa wa mkoa wakipita kijijini wanasema matunda yachumwe yote, lisibaki hata moja.