Mgeni wa Baisikeli Mlangoni Pako



Huenda umewaona watu wanaozuru nchi kwa baisikeli, mizigo imefungwa nyuma, wakipanda kutoka Nakuru kupitia Njoro na Elburgon hata Molo. Usiwacheke. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na Molo karibu 2,500. Mtu akifika huko ana njaa, tena baridi ya Mau inamngoja.

Hapo ndipo faida yako ilipo. Chemsha maziwa, tokosa viazi, umwonyeshe mahali pa kupiga hema, mbali na zizi la ng'ombe. Taja bei kabla hajala. Ugomvi mwingi hutokana na bei inayosemwa baadaye. Pareto yako ikiwa imechanua, mwonyeshe, maana wengi hawajapata kuiona.

Akiuliza njia ya mkato msituni, mwambie aende kwanza kwenye kituo cha msitu kuomba ruhusa. Mvua ikinyesha udongo hunata kwenye magurudumu, na breki hazishiki. Mteremko wa kurudi Njoro ni mrefu, na lori lenye shehena halisimami upesi. Mshauri ashuke asubuhi, kwa kuwa mvua ya huku hupenda kunyesha alasiri.