Unapiga video? Manukuu si pambo

Uko ndani ya mathree, saa moja jioni, Thika Road imesimama. Spika za nyuma zinapiga ngoma hadi kiti kinatetemeka. Unafungua TikTok. Video ya kwanza ni dada anayeangalia kamera moja kwa moja, mikono inaenda huku na kule, uso ameukunja kabisa. Hakuna neno hata moja limeandikwa. Huna cha kuweka masikioni, na hata ungekuwa nacho, ngoma ya makanga ingekishinda. Unafanya nini? Unapitisha kidole. Video ya pili jamaa ameandika kila anachosema. Hiyo unaitazama hadi mwisho.

Hayo maandishi ndiyo manukuu. Usiyachanganye na kapsheni, ile sentensi na hashtegi unazoweka chini ya posti. Manukuu yanakaa juu ya picha yenyewe na kufuata mdomo wa anayeongea. Wengi wetu tunayachukulia kama urembo, kitu cha kuongeza ukipata muda, pamoja na emoji na rangi. Mimi naona ni mlango. Usipoyaweka kuna watu umewafungia nje, na baadhi yao hawana njia nyingine ya kuingia.

Abiria wa mathree tusimhurumie sana. Akifika kwake atairudia ile video kwa utulivu. Kiziwi hana nafasi hiyo. Rudisha akili hadi Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha. Vijana waligeuza TikTok na X kuwa darasa. Huyu anaeleza ushuru uliopendekezwa kwa mkate, yule anachambua ushuru wa magari, mwingine anatafsiri mambo yote kwa lugha ya nyanyake. Ilikuwa kitu kizuri sana. Sasa chukua kijana wa miaka 22 asiyesikia, anayenunua mkate ule ule unaonunua wewe. Video baada ya video anaona midomo ikicheza. Anaona watu wamekasirika, lakini hajui wamekasirishwa na kifungu gani. Inabidi angoje rafiki amfupishie, na rafiki atamfupishia anavyotaka yeye. Mwaka wa 2027 tunarudi debeni, na hizi video zitakuwa nyingi kuliko zile.

Kwa televisheni jambo hili lilitungiwa sheria kitambo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilitaka vituo viweke mkalimani wa lugha ya ishara au manukuu kwenye taarifa za habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa. Ndiyo maana unamwona yule mtu kwa kaboksi pembeni mwa skrini wakati wa habari. Katiba ya 2010 nayo iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge. Lakini 2003 hata YouTube ilikuwa haijazaliwa. Hakuna aliyekuwa akikufikiria wewe na simu yako, umeketi kitandani na taa ya duara. Na wengi wa rika letu habari hatuzingoji tena saa moja jioni. Tunazipata kwako.

Usidhani kwingine manukuu yaliletwa na huruma. Nchini Marekani, kipindi cha mapishi cha Julia Child, The French Chef, kilirushwa na manukuu mwaka wa 1972 kutoka kituo cha WGBH cha Boston, na ndicho kilichofungua njia. Mwaka wa 2009, YouTube ilipoanza manukuu yanayojiandika yenyewe, mmoja wa wahandisi walioyasukuma alikuwa Ken Harrenstien wa Google, ambaye mwenyewe ni kiziwi. Netflix nayo ilishtakiwa na chama cha kitaifa cha viziwi cha huko mwaka wa 2011, na mwaka uliofuata ikakubali kuweka manukuu kwenye video zake zote kufikia 2014. Kwa hivyo ukikesha na drama za Kikorea huku unasoma chini ya skrini, jua kwamba kuna watu walipigania hayo maandishi hadi kortini.

Najua utaniambia, si programu inajiandikia tu? Inajaribu. Shida ni jinsi tunavyoongea. Sentensi tunaianza kwa Kiswahili, tunaipinda kwa Kiingereza katikati na kuimaliza kwa Sheng. Mashine hupotea hapo kwa kona. Useme “mathree” usishangae ukiona imeandika Mathayo. Hiyo ni ya kucheka. Isiyo ya kucheka ni kwamba katika Kiswahili ukanushi wote unaweza kubebwa na silabi moja ndogo. “Hatutalipa” ikimezwa “ha” ya mbele inabaki “tutalipa”. Umesimama mbele ya watu kusema jambo moja na maandishi yanasema kinyume chake, na anayesoma pekee hana njia ya kujua. Bei nazo, tarehe, jina la dawa, jina la mtaa, hizo zote ni za kuangaliwa kwa jicho lako mwenyewe.

Kwa hivyo acha mashine iandike rasimu, halafu wewe uisahihishe. Video ya dakika moja ina maneno kama mia na hamsini. Umepoteza muda mrefu kuliko huo ukichagua wimbo wa nyuma.

Halafu tuongee kuhusu huu mtindo wa neno moja moja linaloruka, jekundu, njano, kijani, likitetemeka kama limeshikwa na homa. Samahani kwa wanaoupenda, lakini huo si usomaji, ni mateso. Jicho la msomaji linataka kuona kikundi cha maneno chenye maana, kikae kidogo, kiondoke. BBC huweka herufi kama 37 kwa mstari, Netflix 42, mistari isizidi miwili. Kwetu maneno ni marefu, “hawatakubaliana” peke yake ina herufi 15, kwa hivyo gawa mstari pale unapopumua. Usiache “ya” ikining'inia mwisho wa mstari huku mwenzake yuko chini. Herufi nyeupe juu ya kisanduku cheusi zinaonekana hata kwa simu yenye kioo kilichopasuka, juani. Na usizishushe hadi chini kabisa, kwa sababu TikTok huweka jina lako na kapsheni hapo, na vitufe upande wa kulia. Nimeona video nzuri ambazo nusu ya maneno yake yamefunikwa na jina la mwenye video.

Sauti zisizo maneno pia ni sehemu ya stori. Kama kuna king'ora nyuma, andika [king'ora]. Kama mtu nje ya kamera ndiye anayekuuliza swali, andika nani anauliza. Kama umecheka kidogo kabla ya kusema “ni sawa tu”, hicho kicheko kinabadilisha maana yote, kwa hivyo kiandike. Na Sheng usiisafishe iwe Kiswahili cha mtihani. Asiyesikia naye anataka kujua ulivyosema, siyo vile mwalimu angependa useme.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake. Haijawa Kiswahili kinachopigwa kwa mikono. Kwa viziwi wengi Kiswahili na Kiingereza ni lugha za pili, walizokutana nazo darasani. Manukuu yatawasaidia wengi, lakini hayachukui nafasi ya mkalimani. Ukiwa na kazi inayolipwa na mdhamini, tenga pesa ya mkalimani kwenye bajeti, na umlipe kama unavyomlipa anayeshika kamera. DJ Afro ametuzoesha kwamba filamu ya mbali ikipata mtu wa kuileta nyumbani, mtaa mzima unaketi. Mkalimani anafanya kazi hiyo hiyo, kwa mikono.

Kuhusu namna ya kuyaweka, una njia mbili. Unaweza kuyachoma ndani ya picha, nayo yataonekana popote video itakapotumwa, hata WhatsApp, lakini hakuna wa kuyazima wala kuyakuza. Au unaweza kupakia faili la SRT, ambalo ni maandishi matupu yenye saa ya kila mstari kuanza na kuisha. Halili bando, na mtazamaji anaamua mwenyewe kama anayataka. Kwa YouTube mimi hupendelea hilo la pili, maana pia huruhusu kuongeza lugha nyingine baadaye bila kugusa video. Na si lazima video iwe mpya. Hata ile uliyopakia miaka mitatu iliyopita, ambayo bado watu wanaitazama, unaweza kuifungua leo kwenye YouTube Studio na kuiongezea faili lake.