Utando Unaojijenga Ukikutana na Mkondo (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyopita tuliona kuwa molekuli ya lipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakwepa. Zikiwa majini, molekuli hizo hujipanga safu mbili, mikia ndani na vichwa nje, zikawa utando wa unene wa nanomita 4 hadi 5 hivi. Je, maji yakitiririka utando huo huwaje?

Kufuatilia kila atomu huielemea hata kompyuta kubwa. Mwaka 1992 watafiti Hoogerbrugge na Koelman walibuni njia nyepesi: fungu la molekuli huhesabiwa kuwa chembe moja laini. Chembe mbili zikikaribiana husukumana, husuguana na hutikiswa kwa nasibu, mtikisiko huo ukiwakilisha joto. Lipidi ni chembe chache zilizounganishwa, na mikia yake husukumana na maji kwa nguvu zaidi. Programu haina amri ya kujenga utando; wenyewe hujitokeza.

Tena, kila chembe inayosukuma husukumwa kwa kiasi kilekile. Msukumo wa jumla haupotei, ndiyo maana chembe hizo zikiwa nyingi hutiririka kama maji halisi.

Sasa weka kifuko, yaani utando uliojifunga na kuzingira umajimaji, kati ya kuta mbili, ukuta mmoja ukisogea. Kifuko hurefuka, huinama kwa pembe isiyobadilika, na ngozi yake huzunguka kama mnyororo wa buldoza. Umajimaji wa ndani ukiwa mzito vya kutosha kuliko wa nje, kifuko kizima huanza kupinduka-pinduka, jambo ambalo Keller na Skalak walilieleza kihesabu mwaka 1982.

Watafiti wengine huuwakilisha utando kwa wavu wa springi. Wavu huo unafaa kuchunguza seli nyekundu ya damu, yenye kipenyo cha mikromita 8 hivi, inavyojipenyeza katika kapilari, na inavyokwama ikikakamazwa na malaria. Lakini hautoboki mpaka uandikiwe kanuni ya kutoboka. Utando uliojijenga huchanika mkondo ukiuvuta kupita kiasi, na ukilegezwa huweza kuziba, kwa kuwa mikia ingali inakwepa maji. Basi anayetaka kujua kifuko kilichobeba dawa kitapasukia wapi auchague utando huu, akikubali kuchunguza vifuko vidogo mno.

Sehemu ijayo: ugumu wa utando kupinda, na jinsi unavyopimwa.