Wajibu na Haki Baada ya Ajali ya Barabarani

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1973 na ambayo sasa ni Sura ya 168, inamtaka dereva aliyehusika katika ajali iliyojeruhi mtu au kuharibu mali asimame, awasaidie majeruhi na atoe taarifa polisi. Mpangilio huo una mantiki yake, kwa kuwa uhai hutangulia mali, nayo haki ya fidia hutegemea ushahidi ambao huanza kupotea mara tu gari linapoondolewa barabarani.

Hatari ya kwanza baada ya ajali ni ajali ya pili. Dereva anayeweza kutembea anapaswa kuzima injini, kuwasha taa za dharura na kuweka pembetatu za tahadhari, yaani vibao vyekundu vinavyoakisi mwanga, kwa umbali unaompa anayekuja nafasi ya kufunga breki. Matawi ya miti ambayo madereva wengi huyatandaza barabarani husaidia mchana, lakini usiku huonekana kwa kuchelewa, tena yakiachwa pale huwa kikwazo kipya. Lori la mafuta likipinduka, kila mtu anapaswa kukaa mbali, kwa sababu mvuke wa petroli hutambaa chini na huweza kuwashwa na cheche ndogo. Mlipuko wa Msamvu, Morogoro, wa Agosti 10, 2019, uliua watu zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wamekusanyika kuchota mafuta.

Majeruhi hapaswi kuvutwa kutoka ndani ya gari isipokuwa pana moto au hatari nyingine ya papo hapo, kwani mfupa wa shingo uliovunjika ukisogezwa vibaya huweza kuharibu neva zilizomo na kumpoozesha. Kwa sababu hiyo hiyo, kofia ngumu ya abiria wa bodaboda isivuliwe kwa nguvu. Damu inayotoka kwa wingi huzuiwa kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi, na majeruhi asinyweshwe maji, kwa kuwa anaweza kupaliwa au kuhitaji upasuaji. Polisi hupigiwa namba 112, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji namba 114.

Fomu ya polisi ijulikanayo kama PF3, ambayo askari hujaza sehemu yake na daktari akaandika aina na ukubwa wa majeraha, ni kiungo kati ya ajali na madai ya fidia. Mwenye hali mbaya hutibiwa kwanza na fomu hufuatwa baadaye, lakini isiachwe kabisa, hata kwa anayejiona mzima, kwa sababu damu inayovuja ndani ya kichwa huweza kuonyesha dalili baada ya saa kadhaa.

Kabla magari hayajasogezwa, ni vema kupiga picha za namba za usajili, mahali yalipo magari, alama za matairi na vipande vya vioo, kisha kuchukua majina na simu za mashahidi. Askari wa usalama barabarani hupima eneo na kuchora ramani ya ajali, nayo maelezo ya dereva yanapaswa kusomwa kwa makini kabla ya kutiwa saini.

Bima ya mtu wa tatu, ambayo Sura ya 169 inaifanya kuwa ya lazima, humfidia aliyedhuriwa na gari, ilhali gari la mwenye bima hiyo halitengenezwi. Matengenezo hayo hugharimiwa na bima kubwa. Mapatano ya kumalizana barabarani yana hatari, kwa sababu mikataba mingi ya bima humkataza dereva kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na kampuni huweza kutumia kasoro hiyo kukataa dai. Anayekataliwa fidia isivyo haki anaweza kupeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, au kufungua shauri la madhara yaliyosababishwa na uzembe, ambalo kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3, hivyo nakala ya PF3 na stakabadhi za matibabu zinapaswa kutunzwa muda wote huo.